Ukimwondoa Yesu, Kinabaki Nini?

Mtu akitaka kuyajua makanisa ya Nairobi, asianze na wachungaji. Aanze na sisi mafundi wa cherehani. Kibanda changu kiko upande wa Barabara ya Jogoo, si mbali na Soko la Uhuru. Januari nzima huwa ni sare za shule, na miezi mingine tunaishi kwa majoho ya kwaya, kanzu za watumishi wa altare, sare za vyama vya kina mama na vilemba. Nimewapima Waanglikana, Wakatoliki na Wapresbiteri. Nimewashonea Jeshi la Wokovu, walioingia Kenya mwaka 1921 na ambao mpaka leo hawakubali mkunjo wa pasi uliopinda hata kidogo. Waakorino huja na kitambaa chao cheupe mkononi, na kikigusa sakafu hata kwa bahati mbaya utaona uso wa mwenyewe ukibadilika. Watu wa Legio Maria hutaka rangi ambazo duka moja halina zote. Wale wa Israel Ninevi huagiza kanzu pamoja na bendera, na Jumapili ukiwa Makadara utazisikia ngoma zao kabla hujawaona.

Mtu anayepimwa huongea. Kusimama umenyoosha mikono huku mwingine akikuzungushia tepu kiunoni kunafungua kinywa kuliko chai. Nimesikia shuhuda, malalamiko, ndoto, umbea wa kanisani na mipango ya kuhama kanisa. Na kwa kusikiliza huko kote nimebaki na swali moja, ambalo kwa kawaida nalimeza, ila mteja akiwa tumezoeana namwuliza waziwazi: katika haya yote unayonieleza kuhusu imani yako, tukimwondoa Yesu, kinabaki nini?

Mara nyingi, jambo la kusikitisha, hakipungui kitu. Mtu amepata kazi, amepata visa, adui zake wameaibika, kesha lilikuwa na moto. Yesu ametajwa mwanzoni na ametajwa mwishoni, lakini katikati hana kazi anayoifanya. Ungeweka jina lingine pale na hadithi ingeenda vilevile.

Swali hilo nimelirithi kwa nyanya yangu. Alikuwa msichana mwaka 1937, kundi la ndugu wa Uamsho kutoka Rwanda na Uganda lilipofika Kabete kuhubiri, na tangu siku hizo mpaka anazikwa alijulikana kijijini kama mmoja wa waliookoka, kwa sauti ile ya watu kusema jambo wanaloheshimu na kulicheka kwa pamoja. Nikiwa mdogo alinipeleka kwenye mikutano yao. Hapakuwa na vyombo, hapakuwa na jukwaa. Mtu alisimama, akasema jina lake, akasema Yesu amemwosha dhambi gani hasa wiki ile, tena kwa kuitaja: nimempunja mwenye maziwa, nimemnunia mke wangu. Kisha akakaa. Ila mtu akianza kusimulia ndoto ndefu, au jinsi alivyofunga mpaka magoti yakatetemeka, kina mama walikuwa wanamwanzishia wimbo ule wa Kiganda wa kumsifu Yesu kwa ajili ya damu yake, ambao Afrika Mashariki yote inaujua, na ushuhuda ukaishia hapo. Nyanya alinieleza sababu tukirudi nyumbani: "Alikuwa ametuonyesha yeye vya kutosha. Tulikuja kumwona mwingine."

Watu hao walilipa kwa kushika hilo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wakakataa pia kubeba bunduki upande wa serikali. Pande zote mbili ziliwaona wabaya, na wako waliouawa. Jibu lao lilikuwa moja: tumekwisha kunywa damu ya Kristo kwenye meza yake, hatuwezi kunywa nyingine juu yake, na aliyekufa kwa ajili yetu alikufa pia kwa ajili ya yule mnayetaka tumpige risasi. Najua wapo wanaoona kukataa kule kulikuwa usaliti wa nchi, na nimeshona nguo za wajukuu wa kila upande, kwa hiyo siingii hapo. Ninachosema ni kwamba nyanya hakuwahi kuisimulia miaka ile kama ushujaa. Ukimwondoa Yesu katika kukataa kwao, unabaki na ukaidi au uoga. Hapo jina lake lilikuwa na kazi.

Sasa nisimulie oda ya kitenge.

Kanisa moja la upande wa Eastlands, changa lakini lenye watu, lilikuwa linatimiza miaka kadhaa tangu lianzishwe. Kina mama walichanga pesa wakachapishiwa kitenge: samawati, maua ya dhahabu pembeni, na ndani ya duara picha ya mchungaji na mke wake wakitabasamu. Mwenyekiti wa kina mama aliniletea mzigo na sharti moja. Uso wa mchungaji ukae katikati ya kifua, na usikatwe na mshono wowote.

Asiyeshona hatajua maana ya sharti hilo. Picha zimechapwa kwa nafasi sawa kitambaa kizima, lakini vifua vya watu si sawa. Ili duara liangukie katikati ya kila gauni unalazimika kuruka kitambaa, kwa hiyo kila mama aliongezewa karibu nusu mita, na nusu mita hiyo kwa kina mama wote ni pesa ya mtu kulipa kodi ya nyumba. Zipu zote zikahamia mgongoni. Kwa wenye kifua kikubwa mshono wa kubana ulikuwa lazima upite mahali, nami nikipima na chaki naona unapita kwenye sikio la mchungaji, nikisogeza unapita kwenye jicho la mkewe. Msichana ninayefanya naye kazi alicheka mpaka akaenda nje. Nilikata oda nzima nikiwa na sura hiyo mbele yangu, katikati, katikati, katikati, na nikawa najiuliza kama hao kina mama wanasikia mwenyekiti wao anachosema.

Mmoja alisikia. Alikuwa mzee kuliko wengine, mjane, muuza makaa. Alipofika kupimwa akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, mimi hiyo picha niwekee mgongoni. Wanaonifuata ndio wamwone. Mimi nina wa kumwangalia." Nikamwekea. Mwenyekiti hakufurahi.

Haikupita muda mrefu mchungaji na msaidizi wake wakagombana, sababu sitaki kuzichokonoa, na kanisa likapasuka katikati. Ndipo zile nguo zikaanza kurudi kwangu. Mmoja alitaka nigeuze kitambaa, ndani iwe nje. Mwingine alitaka foronya. Wengine hawakuja na nguo, walikuja wenyewe wakakaa kwenye benchi, wakaniambia hawaendi kanisa lolote tena, hawaombi, hawasomi, wamechoka na Mungu. Niliwasikiliza kwa huruma, maana waliumizwa kweli, lakini nilikuwa nawaza kwamba aliyewaangusha hakuwa Mungu. Paulo aliwauliza Wakorintho waliojigawa kwa majina ya walimu wao: "Je! Kristo amegawanyika? Paulo alisulibiwa kwa ajili yenu?" Angalia kwamba alilitumia jina lake mwenyewe. Angeweza kuwashambulia wafuasi wa Apolo akawaacha wake. Yule mjane wa makaa, kwa taarifa yenu, Jumapili iliyofuata alitembea mpaka kanisa jingine, na gauni lake analivaa mpaka leo sokoni kwa sababu kitambaa, anasema, ni kizuri.

Kitambaa kina mkao wake. Nyuzi zake zina mwelekeo, na vipande vyote vya nguo lazima vikatwe kuufuata mwelekeo huo. Ukikata ovyo ili kubana matumizi, nguo itapendeza siku ya kuichukua, itapendeza Jumapili ya kwanza, kisha ikifuliwa mara mbili tatu mshono wa ubavuni unaanza kuzunguka kuelekea tumboni na pindo linapanda upande mmoja. Mteja atalaumu sabuni. Mimi nikiwasoma Wakolosai ndipo nilipoelewa kwamba Paulo anasema jambo la namna hiyo kuhusu dunia nzima: "vitu vyote hushikana katika yeye." Ndoa, kazi, sadaka, maombi, nchi, vina mkao, na mkao wenyewe ni mtu, ana jina, alizaliwa Bethlehemu.

Waraka huo tuliusoma pale sokoni, saa ya chakula cha mchana, kina mama na baba mmoja wa kutengeneza viatu. Una sura nne tu, lakini tuliuburuta miezi. Nilipenda habari zake za nyuma. Paulo aliuandika akiwa kifungoni, kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kuuona uso wake. Injili walipelekewa na Epafra, mwenyeji wa pale pale. Na shida yao haikuwa kwamba wamemwacha Kristo. Walikuwa wanaambiwa hatoshi. Waongeze sikukuu, miandamo ya mwezi, kuabudu malaika, maono, na miiko ya "Msishike, msionje, msiguse." Ningekuwa mimi ningeanza kwa kubishana na miiko hiyo mmoja mmoja. Paulo anaanza kwa kumsifu Kristo, mstari juu ya mstari, kwamba ni mfano wa Mungu asiyeonekana, kwamba vyote viliumbwa kwa njia yake na kwa ajili yake, kwamba ni mzaliwa wa kwanza katika wafu, "ili kwamba awe mtangulizi katika yote." Miiko inakuja kutajwa sura ya pili, na kufikia hapo imekwisha kuonekana midogo.

Tulipofika penyewe, kwenye mstari wa chakula na sabato, vita vilizuka. Mama anayetuuzia vifungo na zipu ni Msabato, na wenzetu wawili wa makanisa ya kiroho walimgeukia kama waliokuwa wakiusubiri mstari huo tangu sura ya kwanza. Yeye akajibu kwamba sabato zinazosemwa pale ni zile za sikukuu za Kiyahudi, wao wakasema sabato ni sabato, mtengeneza viatu akaomba tuendelee maana ana wateja. Chai ikapoa. Mwishowe mama wa vifungo akasema jambo ambalo nimelitafakari kuliko mahubiri mengi: "Mimi naipumzikia Jumamosi kwa sababu Bwana wangu alipumzika siku hiyo kaburini, kazi yake imekwisha. Kama ningekuwa naishika ili niokoke, ningekuwa nimechoka zamani." Kila mtu akanyamaza. Kuhusu siku sikubaliani naye hata sasa, nami nina Kwaresima yangu ninayoishika. Lakini mwondoe Yesu kwenye Sabato ya mama yule, Sabato yenyewe inaanguka. Kuna wengi wanaoabudu Jumapili ambao ukimwondoa, Jumapili yao inaendelea na kwaya na matangazo.

Tulikuwa na Mkatoliki pia, mwalimu wa katekisimu jioni na muuza mitumba mchana. Mwaka 2025, ulipotimia mwaka wa 1700 tangu Mtaguso wa Nisea wa 325, alikuja amejaa mambo ya Kanuni ya Imani. Akatueleza juu ya Ario, padre wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko viumbe vyote lakini kiumbe, na kwamba kulikuwa na wakati hakuwako. Maaskofu wakakaa Nisea wakakataa: ni Mungu kweli kutoka kwa Mungu kweli, alizaliwa wala hakuumbwa. Mama mmoja akauliza, haki yake kabisa, jambo hilo linamhusu nini yeye mwenye madeni ya shule. Katekista akafikiri kidogo.

"Kama Yesu ni kiumbe," akasema, "basi Mungu ameona taabu zetu akatuma mtu. Serikali nayo inajua kutuma watu. Kama ni Mungu kweli, alikuja mwenyewe."

Nimesikia Nisea ikielezwa kwa maneno makubwa zaidi, hayakunifikia kama hayo.

Kuna jambo moja ambalo ningependa lieleweke, kwa sababu hapa ndipo watu wazuri wanapotelea. Mtu anaweza kumwondoa mchungaji katikati, akaondoa miiko na mafuta ya upako, halafu akaiweka pale imani yake mwenyewe. Anaanza kuipima kila asubuhi kama mgonjwa anayejishika paji la uso. Leo nimeomba vizuri, leo sikuomba. Leo nimemsikia, leo kimya.

Aliyenifungua macho juu ya hilo alikuwa mwimbaji wa kwaya, wa sauti ya pili. Aliugua saratani, na kila mara alipotoka kwenye matibabu alikuja nimpunguzie joho. Mara ya kwanza nilichukua mkasi. Akanishika mkono. "Usikate, mama. Kunja tu ndani. Joho ni la kwaya, atakuja mwingine." Basi nikawa nakunja ndani, na kila alipozidi kukonda kitambaa kilizidi kujaa ubavuni. Wageni walikuwa wanamjaza maneno nyumbani: aongeze imani, apande mbegu, aseme kwa kinywa chake kwamba amepona. Nilimwuliza kama anaweza kuomba. Akaniambia hata Zaburi ya ishirini na tatu haifikishi mwisho, usingizi wa dawa unamchukua kwenye bonde. Kisha akasema, bila huzuni, kama mtu anayetoa taarifa ya matokeo, "Lakini yeye ananiombea. Imeandikwa yu hai sikuzote ili atuombee. Kwa hiyo nikilala yeye anaendelea."

Hayo yako Waebrania, sura ya saba. Nilikuwa nimeyasoma mara nyingi kama habari za ukuhani wa kale. Mama yule alikuwa ameyalalia. Imani yake ilikuwa imechoka kabisa na hilo halikumtisha, kwa kuwa hakuwa ameitegemea imani. Alikuwa amemtegemea aliyeaminiwa. Alifariki, joho likarudi, nikafungua mikunjo yote likamtosha binti mwingine.

Mwaka 2023 palikuwa na siku ambazo hatukuweza kuongea lingine hapa sokoni ila Shakahola. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu, na watoto wao pamoja nao. Kesi ni za mahakama, nami sitaziamua kwenye kibanda. Lakini wateja waliniuliza, na baadhi yao kwa uchungu: "Fundi, si wewe husema Yesu awe katikati? Hao si walimweka katikati?"

Ni swali la haki na lilinisumbua. Nililolijibu wakati huo ndilo ninalolijibu sasa. Kutaja jina lake sana hakumweki katikati. Yesu yupi? Yule wa Injili alipomfufua binti Yairo, neno alilowaambia wazazi lilikuwa wampe mtoto chakula. Aliwalisha watu nyikani kwa sababu aliogopa wangezimia njiani wakienda zao. Alipofufuka, wanafunzi walimkuta ufuoni amewasha moto wa makaa, samaki juu yake, akawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Mtu akikuambia Yesu anataka mwanao afe njaa, una Injili nne mkononi za kumpima huyo Yesu anayekuletea. Kule msituni neno la mwisho lilikuwa la mtu mmoja, na kitabu kilifunguliwa pale tu kilipokubaliana naye. Ndiyo maana siwaamini sana wanaosema Kristo ni kila kitu kwao lakini hawana habari na maneno yake wala alivyowatendea watu. Huyo wanayemtaja anaweza kuwa mtu yeyote.

Turudi Wakolosai, maana sura ya tatu ilikuwa kama imeandikwa kwa ajili yetu mafundi. Ni nguo tupu: kuvua utu wa kale, kuvaa utu mpya, "jivikeni moyo wa rehema, utu wema, unyenyekevu." Na juu ya yote upendo, ambao Paulo anauita kifungo cha ukamilifu. Mimi nilifurahi nikasoma kwa sauti, mpaka niligundua maneno yanayotangulia hayo ya kuvua na kuvaa: "Msiambiane uongo." Mafundi tulitazamana. Mji huu wote unajua neno la fundi. Njoo kesho. Nguo yako imebaki vifungo tu. Umeme ulipotea. Mama wa vifungo alicheka kwa kelele, akasema afadhali Paulo amesema mwenyewe.

Hapo kwangu ndipo imani inapokuwa na kazi ya kila siku, na haina fahari. Kumwambia mteja Jumatatu kwamba nguo yake haitakuwa tayari Ijumaa, akaenda kwa fundi mwingine mwongo. Kumrudishia mtu vipande vya kitambaa vilivyobaki, hata kile ambacho kingetosha bitana ya mfuko. Kuwalipa wasichana wawili ninaofanya nao kazi kila Jumamosi kabla sijahesabu yangu, kwa sababu waraka huohuo unaniambia mimi nami nina Bwana mbinguni. Ningeweza kuyafanya haya kwa kuwa na tabia njema tu. Wako wasioamini wanaoyafanya vizuri kunishinda. Lakini najijua. Bila yule aliyenisamehe, kusamehe kwangu kuna kikomo, na kikomo chenyewe kiko karibu.

Kilijaribiwa Pasaka moja. Kanisa fulani liliniagizia majoho meupe ya kwaya yenye utepe wa dhahabu kwenye kola. Walilipa malipo ya awali, wakaja kuyachukua Alhamisi Kuu na ahadi kwamba salio litakuja Jumatatu. Pasaka ikapita. Simu ya mhazini ikawa haipatikani, kisha ikawa inaita bila kupokelewa, kisha siku moja nikakutana naye ana kwa ana kituo cha matatu. Akanisalimu Bwana asifiwe kwa furaha. Nikamkumbusha salio. Akaniwekea mkono begani.

"Mama, wewe ihesabu kama sadaka. Majoho yamefanya kazi ya Bwana. Mungu atakulipa."

"Mungu ameshanilipa, ndugu yangu," nikamwambia. "Alinilipa kwa Yesu msalabani, na hana deni langu. Deni la majoho ni la kanisa."

Wasafiri waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Kondakta akasema hiyo ni kweli, mzee, lipa. Mhazini alicheka kwanza, kisha akaacha. Nilimweleza taratibu, maana sikutaka kumwaibisha, kwamba sina kinyongo naye na tutakutana meza moja ya Bwana, lakini kuna wasichana wawili walioshona kola zile usiku, na mshahara wao nimeutoa mfukoni. Aliuliza kiasi, kama vile alikuwa amekisahau. Nikakitaja.

Nusu ilikuja kwa M-Pesa jioni hiyohiyo. Nusu iliyobaki aliileta mwenyewe mkononi, wiki ya kabla ya Pentekoste, pamoja na kitambaa chekundu cha stola mbili, na safari hii alitaka tuandikiane.